Bahari moja, wazee wawili: habari za wazee wa Mafia

Ndugu msomaji, nikikuuliza ni nini kinachoamua kama bibi yako kijijini atakuwa na hela ya sabuni na mafuta ya taa mwisho wa mwezi, utanijibuje? Utasema ni watoto wake, au utasema ni Mungu. Wapo watakaosema ni serikali halafu wakacheka. Mimi nimekaa na swali hili kwa muda sasa, na kwa wazee wa kisiwa cha Mafia naona sehemu ya jibu iko kwenye karatasi iliyotiwa saini mjini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Usicheke kwanza, nivumilie kidogo.

Tuanze na jina, maana najua kuna mtu tayari ameanza utani. Hapana, Mafia hii haina uhusiano wowote na wale jamaa wa Sicily. Hii ni Mafia yetu, kundi la visiwa vilivyo mbele ya delta ya mto Rufiji. Kipo kisiwa kikubwa chenyewe, halafu Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine vidogo. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani na makao makuu yake yako Kilindoni. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 66,180. Kwa maneno mengine, wilaya nzima ina watu wachache kuliko baadhi ya kata za Dar es Salaam.

Watalii wanaijua Mafia kwa papa potwe na matumbawe. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Lakini leo sitaki kuzungumza habari za samaki. Nataka tuzungumze habari za watu waliozeeka pale.

Haya, turudi kwenye ile karatasi.

Kabla ya 1890 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mashamba makubwa ya minazi ya kusini mwa kisiwa yalikuwa ya Waarabu na yalilimwa na watumwa. Makao ya utawala yalikuwa kwenye kisiwa kidogo cha Chole. Kwa mtu wa Mafia wa wakati ule Unguja ndiyo ilikuwa mji, soko na mahakama. Kisha Waingereza na Wajerumani wakakaa mezani kugawana. Wajerumani wakapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha huko kwao Ulaya. Waingereza wakaachiwa Zanzibar. Na ndani ya mkataba huohuo Uingereza ikaahidi kutumia ushawishi wake ili Sultani aikabidhi Ujerumani pwani ya bara pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa malipo. Sultani Ali bin Said akalipwa marki milioni nne. Mafia ikauzwa pamoja na pwani, kama shamba na miti yake.

Unaona jambo lenyewe? Unguja na Pemba zikabaki upande mmoja, Mafia ikaenda upande wa pili. Hakuna mzee yeyote wa Chole aliyeulizwa. Mwaka 1913 Wajerumani wakahamisha makao yao kutoka Chole kwenda Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia. Hawakuja kwa ajili ya watu wake. Walikuwa wanaitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye mikondo ya Rufiji, na ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizosaidia kuielekeza mizinga mpaka ikaangamia Julai 1915. Baada ya vita kisiwa hakikurudi kwa Sultani. Kikabaki Tanganyika. Ukaja uhuru 1961, Mapinduzi na Muungano 1964, na Mafia ikawa Tanzania Bara, wakati ndugu zao wa Unguja na Pemba wakawa Tanzania Visiwani.

Sasa rukia mwaka 2016. Aprili mwaka huo Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Hawakuuliza kama alikuwa mwajiriwa au alikuwa mvuvi, mkulima au mama wa nyumbani. Pensheni hii inaitwa pensheni jamii, na inatoka kwenye mfuko wa serikali yenyewe, si kwa wafadhili. Zaidi ya wazee elfu 20 waliandikishwa mwanzoni. Mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka.

Na Mafia? Ustawi wa jamii si jambo la Muungano. Kila upande una mipango yake. Kwa hiyo bibi wa Makunduchi mwenye miaka 75 ana pensheni. Bibi wa Kanga au Bweni, kaskazini mwa Mafia, mwenye miaka hiyohiyo, anayesali kwa kibla hichohicho, anayesuka ukili uleule na kula wali wa nazi uleule, hana. Tofauti yao ni ule mstari wa 1890.

Najua hoja utakayonijibu, maana nimekwisha ijibu mwenyewe mara kadhaa. Zanzibar ina watu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Bara ina karibu milioni 60. Huwezi kulinganisha. Sawa, hesabu hiyo naikubali, mzigo wa Bara ni mkubwa zaidi. Lakini kumbuka pia kwamba wanaolipa kodi nao ni wengi zaidi, na wazee si nusu ya nchi. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa Watanzania wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Ukianzia miaka 70 wanapungua sana. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama tunataka.

Lakini nisije nikakufanya uamini kuwa Mafia imekuwa ya mwisho katika kila jambo. Kuna jambo moja ilikuwa ya kwanza, na jambo hilo linahusu miguu ya wazee.

Ukitembea vijiji vya pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, utamwona mzee ambaye mguu wake mmoja umevimba na ngozi imekuwa ngumu kama gome. Hayo ndiyo matende. Kwa wanaume kuna na mabusha, ambayo hayaonekani barabarani kwa sababu yanafichwa ndani ya kikoi. Chanzo ni kimoja: minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu, ikaenda kukaa kwenye mishipa ya maji ya mwili. Ugonjwa huu hauna haraka. Mtu anaweza kuambukizwa akiwa mtoto anayecheza uwanjani jioni, na mguu ukaanza kuvimba akiwa na wajukuu. Ndiyo maana kwa macho ya watu umekuwa ugonjwa wa wazee, wakati kwa kweli ni ugonjwa wa utotoni unaochelewa kujitokeza.

Na kwa kuwa hauna haraka, kila mtu ana maelezo yake. Wapo wanaosema ni uchawi, na wapo wanaosema ni urithi wa ukoo. Nawe bila shaka umewahi kuambiwa usinywe madafu mengi utapata busha. Fikiria basi hali ya mwanamume wa Mafia, kisiwa ambacho mnazi ndio uchumi wake, anayelaumiwa kwamba maradhi yake ameyanywa mwenyewe! Dafu limesingiziwa bure miaka yote hii. Mwenye kosa ni mbu.

Mwaka 1997 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kuutokomeza ugonjwa huu, na mwaka 2000 mpango wa dunia ukazinduliwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoanza mapema. Na ndani ya Tanzania unajua walianzia wapi? Mafia, mwaka 2000. Zanzibar ikafuata 2001. Aliyeuongoza mpango wa kitaifa ni Dk. Mwele Malecela, mtafiti ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kisha akaenda kusimamia magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani huko Geneva. Alifariki Februari 2022. Mama huyu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye ugonjwa ambao watu mashuhuri hawaugui.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Mara moja kwa mwaka kila mtu, isipokuwa watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa mahututi, anameza dawa mbili, ivermektini na albendazoli, zilizotolewa bure na kampuni zinazozitengeneza. Hata asiyeumwa anameza. Ukirudia kwa miaka kadhaa, vijidudu kwenye damu vinapungua mpaka mbu anakosa cha kubeba. Katika mikoa ya pwani kulikuwa na wasiwasi. Watu walinong'ona kuwa dawa za bure zinaondoa uzazi. Swali la "kwa nini bure?" si la kijinga kwa watu ambao hupewa bure mara chache sana. Hata hivyo wengi walimeza, mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Mafia aliyezaliwa baada ya 2000 ana nafasi ndogo sana ya kuzeeka na mguu kama wa babu yake. Hili ni jambo kubwa, tena limefanywa na watu wetu, na tunalisema kidogo mno.

Lakini (na hapa ndipo ninapotaka tushikane mashati) dawa ile haikuwa ya babu. Dawa inazuia maambukizi kuendelea. Haiurudishi mguu uliokwisha vimba. Mpango wa dunia tangu mwanzo ulikuwa na miguu miwili: kukata maambukizi, na kuwapunguzia mateso waliokwisha athirika. Mguu wa kwanza ulitembea haraka kwa sababu unahesabika. Dozi ngapi zimegawiwa, asilimia ngapi wamemeza, ripoti inaandikwa na kila mtu anafurahi. Mguu wa pili ni wa pole pole. Busha linataka upasuaji, na upasuaji unataka daktari, chumba, kitanda na siku kadhaa za kukaa. Kambi za upasuaji zimefanyika katika mikoa ya pwani na wazee wengi wamepona na kurudi shambani wakiwa watu wapya, lakini mwanamume lazima kwanza akubali kusema hadharani kuwa analo. Matende yanataka kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri katikati ya vidole, kuutibu kila mchubuko, kuuinua unapokaa, kufanya mazoezi, kuvaa kiatu kinachoingia. Ukifanya hivyo zile homa za ghafla na maumivu zinapungua sana.

Sasa rudi kwenye swali langu la mwanzo kuhusu hela ya sabuni. Uliona kama ni swali dogo, sivyo? Kwa mzee mwenye tende sabuni ni dawa. Maji ya kisima yaliyo mbali ni dawa, na mjukuu wa kuyachota naye ni sehemu ya dawa. Shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo mtu wa mjini anamaliza kwenye chipsi kuku na vocha, zingeununulia mguu ule mwaka mzima wa usafi na chenji ikabaki.

Basi wazee wa Mafia wameishi vipi miaka yote hii bila pensheni? Jibu liko juu ya vichwa vyao. Ni mnazi.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan alifika kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, akarudi tena na tena kwa miongo kadhaa, na ameandika vitabu juu ya maisha ya kule. Jambo moja linalojitokeza katika maandishi yake ni jinsi watu wa vijiji vya kaskazini walivyomiliki minazi yao wenyewe, wanaume kwa wanawake, tofauti na kusini kwenye mashamba ya mabwana. Mwanamke alikuwa na minazi yake, aliyopanda au aliyorithi. Ukilifikiria vizuri utaona mnazi ni mfuko wa pensheni hasa. Unaupanda ukiwa kijana, unausubiri miaka sita hadi minane, kisha unakulisha miaka 50 na zaidi. Uzeeni huhitaji kulima. Nazi zinaanguliwa, zinauzwa, unanunua sukari na khanga. Zamani nazi zilikaushwa zikawa mbata, na mbata ilikuwa bidhaa ya maana kwenye soko la dunia.

Mfuko huu umeingia matatizo kwa sababu tatu, na zote zinaeleweka. Kwanza, mafuta ya mawese ya bei rahisi kutoka Asia yameipunguzia mbata heshima yake. Pili, minazi mingi imezeeka pamoja na wenyewe, na mnazi mzee unazaa kidogo. Tatu, na hili nadhani ndilo zito, mzee hawezi kukwea. Anahitaji mkwezi, na mkwezi ni kijana, na kijana yuko Mbagala anaendesha bodaboda. Aliyebaki kijijini anadai malipo yake, na haki yake, kwa sababu kukwea mnazi si mchezo, watu huanguka wakavunjika. Ukitoa ujira wa mkwezi, ukatoa usafiri, ukatoa faida ya mchuuzi anayepeleka mzigo Dar, mwenye mnazi anabaki na kidogo sana.

Nilipozungumza na wazee wa kule, baada ya shikamoo na maswali ya mimi ni mtoto wa nani, sikusikia malalamiko mengi kuhusu serikali kama nilivyotarajia. Walichokisema sana ni simu. Mtoto hupiga simu kutoka Dar es Salaam, anatuma elfu tano au elfu kumi, anasema "tutaongea". Wanashukuru. Lakini elfu kumi haichoti maji, wala haikwei mnazi.

Mwalimu Nyerere katika maandiko yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa alieleza kuwa mzee wa jamii ya zamani aliyeonekana anakula bila kufanya kazi hakuwa mnyonyaji. Alikuwa ameshafanya kazi yake ujanani. Na Azimio la Arusha la 1967 likawataja wazee miongoni mwa watu wenye haki ya kutegemea jasho la wengine. Maneno mazuri. Ila tuliyaandika tukiamini kwamba familia ndiyo itakayoyatekeleza. Serikali yenyewe iliweka Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003 tu, miaka 42 baada ya uhuru. Sera ya Afya ya 2007 ikasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. TASAF ikaja na ruzuku kwa kaya maskini. Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Zote ni hatua, sibezi hata moja. Lakini angalia tofauti. Ili TASAF ikufikie lazima uthibitike kuwa maskini kuliko jirani yako. Ili utibiwe bure lazima uthibitike kuwa huna uwezo, na kwanza uwe umefika hospitali. Kutoka Bweni, ncha ya kaskazini, mpaka hospitali ya wilaya Kilindoni ni mwendo wa karibu urefu wote wa kisiwa. Ukipewa rufaa ya kwenda Muhimbili, kuna bahari ya kuvuka mpaka Nyamisati na barabara baada yake. Kivuko cha kisasa kimesaidia sana kuliko enzi za majahazi na mashua. Nauli lakini hailipwi na msamaha wa matibabu. Pensheni ya Zanzibar ina jambo moja linaloishinda mipango hii yote: haimtaki mzee ajidhalilishe. Inamuuliza umri wake, basi.

Kuna watu wananiambia tukiwalipa wazee tutaua utamaduni wetu wa kutunzana. Mimi naona kinyume. Mzee mwenye hela yake kidogo anamlipa mkwezi, anamnunulia mjukuu daftari, anampa jirani nauli. Anabaki ndani ya mzunguko wa kutunzana, hatoki. Anayeishiwa kabisa ndiye anayejificha ndani.

Na tusisahau tunachopoteza. Habari za Kua, ule mji wa mawe kisiwani Juani uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19, kwa kiasi kikubwa tumezipata kwa midomo ya wazee. Magofu yenyewe hayasemi.

Hoja yangu basi ni fupi. Mwaka 2000 taifa liliamua kuwa Mafia iwe ya kwanza kumeza dawa, na ikawezekana, katika kisiwa chenye barabara mbovu na bila fedha nyingi, kwa sababu kulikuwa na uamuzi na orodha ya majina nyumba kwa nyumba. Orodha ya namna hiyo inaweza kutengenezwa tena, safari hii ya kila aliyefikisha miaka 70. Kama serikali inaogopa gharama ya nchi nzima, ianze na Mafia tena. Kisiwa ni kidogo, wazee wake wanahesabika, na ndugu zao wa ng'ambo ya bahari tayari wameshatuonyesha jinsi ya kufanya.

Nakaribisha hoja, hasa kutoka kwa mtu wa Mafia aliye mjini kama mimi. Na kabla hujaanza kubishana nami, mpigie bibi simu. Muulize mguu unaendeleaje.